YAH: Laini za ofisi yetu Malaba kubanwa sauti, na dharau ya msimamizi wenu

Kwa Meneja Mkuu,

Salaam. Naandika kwa heshima, lakini nimekasirika na sitaficha.

Mkataba unataja kodeki, yaani njia ya kugeuza sauti ya simu kuwa data, iitwayo G.711: sampuli 8,000 za sauti kila sekunde, biti 8 kwa kila sampuli, yaani kilobiti 64. Hicho ndicho tunacholipia. Fundi wetu alipokagua simu zinazoingia na kutoka, alikuta laini zote mmezihamishia G.729, kilobiti 8. Mmebana sauti mara nane bila kutuarifu. Faksi hazipiti. Tukipigia benki, mtambo wao hautambui namba tunazobonyeza, kwa sababu kodeki hiyo iliundwa kwa usemi wa binadamu na huvuruga milio. Pakiti, yaani vipande vya data vinavyobeba sauti, zikipotea njiani, neno linamezwa. Sisi ni mawakala wa forodha: tarakimu moja ya kontena ikimezwa, lori linalala mpakani.

Nilimpigia msimamizi wenu wa huduma kwa wateja, simu ikiwa kwenye spika, wateja wameketi mbele yangu. Akasema, "Mzee, laini haina shida, kapimwe masikio." Nyuma yake watu wakacheka. Akakata.

Wakati huo ripoti ya fundi mlikuwa nayo. Na ankara mlishatutoza nzima. Hata kabla ya ankara mliahidi kututumia mtu kutoka Kampala. Hadi leo hajafika.

Narudia, ili jambo hili lisipite. Mbele ya mama aliyeniamini na mizigo yake miaka yote, kijana ambaye ningeweza kumzaa aliniambia nikapimwe masikio, na wenzake wakaangua kicheko. Yule mama aliinamisha macho. Simu zenu hurekodiwa, isikilizeni hiyo.

Nataka G.711 irudishwe na fedha za kipindi chote mlichotubana. Nilikusudia kuishia hapo, lakini kicheko kile sikisahau. Kwa hiyo nataka pia gharama za malori yaliyolala, na barua ya kuomba radhi yenye sahihi yako wewe, si ya msaidizi. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, barua hii na ripoti ya fundi zitafika Tume ya Mawasiliano ya Uganda, na mwanasheria wangu atafungua kesi Tororo. Ankara ya mwezi huu silipi.

Mkurugenzi,
Ofisi ya uwakala wa forodha, Malaba