Barua kwa Mwanaidi: sukari ya kaka Salim

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na pole kwa habari za kaka Salim. Umeniuliza kama ni kweli kisukari cha ukubwani kinaweza kurudi nyuma, au ni maneno ya wauza dawa wa njiani. Kwa baadhi ya watu ni kweli. Aliyeonyesha namna kinavyorudi ni Profesa Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza.

Wazo lake alilitoa mwaka 2008. Ini lina nafasi ndogo ya kuweka akiba ya wanga. Ikijaa, unaozidi hugeuzwa mafuta humo humo. Ini lenye mafuta mengi haliitikii vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari, kwa hiyo usiku kucha linamwaga sukari kwenye damu. Ndiyo maana kaka Salim anaamka na sukari ya juu ilhali hajatia kitu mdomoni. Kongosho linaongeza insulini, nayo insulini nyingi inazidisha mafuta ya ini. Mengine husafiri na damu hadi kwenye kongosho lenyewe, na seli za beta, zile zinazotengeneza insulini, zikazimia. Zinazimia kwanza, hazifi mara moja. Tumaini lote liko hapo.

Mwaka 2011 aliwapa wagonjwa 11 chakula cha kilokalori 600 hivi kwa siku, wiki 8. Sukari ya asubuhi ilishuka kutoka milimoli 9.2 kwa lita hadi 5.9 ndani ya siku 7 tu. Mafuta ya ini yalitoka asilimia 12.8 yakafika 2.9. Kongosho lilikwenda polepole zaidi.

Kisha yeye na Profesa Mike Lean wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland, wakaujaribu mpango huo katika kliniki za kawaida, matokeo yakatoka 2017. Kwa miezi 3 hadi 5 wagonjwa walikunywa supu na vinywaji vya unga tu, kilokalori 825 hadi 853 kwa siku, halafu vyakula vikarudishwa kidogo kidogo kwa wiki 2 hadi 8. Baada ya mwaka mmoja asilimia 46 hawakuwa na kisukari bila dawa yoyote. Tazama hasa kilo: waliopungua kilo 5 hadi 10 walifanikiwa asilimia 34, waliopungua 15 au zaidi, asilimia 86. Unga ule hauna dawa ndani yake. Kazi yake ni kumwondolea mtu kukadiria sahani.

Kukadiria ndiko kunakoangusha wengi. Ugali usiupime ukiwa umeiva, maana maji hutofautiana. Pima unga mkavu. Gramu 100 za unga wa mahindi ni kilokalori 360 hivi, na kijiko kikubwa cha mafuta ni 120. Vijiko vitatu kwenye mchuzi ni sawa na ugali wote ule.

Sasa la hatari, na hili mwambie kabla ya mengine. Asianze peke yake. Akiwa anameza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, au anachoma insulini, kupunguza chakula hivyo kunaweza kuishusha sukari hadi azimie. Presha nayo hushuka. Kwenye utafiti ule dawa za presha zilisimamishwa siku ya kwanza, chini ya uangalizi. Kizunguzungu anaposimama ni dalili ya kurudi kliniki siku hiyo hiyo. Choo kigumu huenda kikaja, kwa hiyo maji yawe mengi na mboga za majani zisikose kama daktari ameziruhusu.

Na asikimbilie mazoezi makali wiki za mwanzo, njaa itamshinda. Kutembea kuongezeke chakula kinaporudi, maana hapo ndipo kilo hurudi: baada ya miaka miwili asilimia 46 ile ilikuwa imeshuka hadi 36. Mizani iwe nyumbani, apime kila wiki, na kilo 2 zikirudi achukue hatua mapema.

Utafiti ule ulichukua watu wasiozidi miaka 6 na ugonjwa, wasiotumia insulini. Kaka ana mwaka mmoja tu, kwa hiyo hilo liko upande wake. Usimlinganishe na jirani mnene asiye na sukari. Kila mwili una kiwango chake cha mafuta unachoweza kuhifadhi chini ya ngozi kabla hayajaingia kwenye ini.

Niandikie majina ya dawa zake zote, uzito wake wa leo, na kipimo chake cha mwisho cha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c).

Wako akupendaye,
Rehema