Bustani mbili za kutembelea mkija Portland, Oregon, Marekani

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi ni mzima, hofu ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Ama baada ya salamu, nimeona tiketi zenu ni za wiki ya mwisho ya Oktoba. Hapo hamjakosea. Wakati huo majani ya miti ya mepo (maple) yanakuwa yameiva wekundu, na mvua za hapa zinakuwa zimeanza. Mama asiiogope hiyo mvua, maana bustani ya Kichina inapendeza zaidi ikinyesha kuliko jua likiwaka.

Bustani ni mbili, ya Kichina na ya Kijapani, nazo nataka mziende siku mbili tofauti. Watu huzibana katika mchana mmoja, na ile ya pili wanaipita wakiwa wamechoka macho na miguu. Tutaanza na ya Kichina kwa sababu iko katikati ya mji, ni tambarare, na mwili uliotoka safari ndefu hautaki mlima.

Inaitwa Lan Su. Portland na mji wa Suzhou wa China ni miji rafiki tangu 1988, na bustani ilifunguliwa mwaka 2000 baada ya mafundi 65 kutoka Suzhou kuja kuijenga. Mawe yake, tani 500 hivi, yaliletwa kutoka Ziwa Tai. Kwa nje hamtaona kitu: ukuta mweupe, magari yanapita. Ni kama nyumba za Mji Mkongwe kule Unguja, uzuri wote umegeuziwa ndani. Mtaa wa jirani una watu wengi wanaolala nje. Msishtuke, tutakwenda asubuhi.

Eneo lote ni mita 60 hivi kwa 60. Anayetembea kama yuko barabarani humaliza kwa robo saa, akatoka akilalamika kuwa ametozwa hela kwa kiwanja kidogo. Kosa liko kwenye mwendo. Wajenzi wamekusudia kuficha: ukuta unakukinga, kisha dirisha la nakshi linakuonyesha tawi moja na kipande cha maji, nawe hujui njia ya kufika huko ni ipi. Hayo madirisha nakshi zake hazifanani. Simameni kwenye kila dirisha, kisha rudini mlikotoka mkitazama upande wa pili, maana njia ileile ukiigeuza inakuwa na picha nyingine. Saa moja na nusu inatosha, bila kuhesabu chai.

Mawe yenye matobo yasiwashangaze. Wachina huyapima kwa sifa nne: wembamba, mikunjo, matobo yanayopenyeza, na uwazi wa kuona upande wa pili. Jiwe la mviringo, zito na laini, ambalo sisi tungelichagua, kwao halina thamani.

Baba, wewe utachelewa kwenye nguzo. Mbao zimeunganishwa kwa ulimi unaoingia kwenye tundu, misumari ni ya kutafuta. Tazama pia mbao za mti wa ginko zilizochongwa picha za bustani za Suzhou. Mchongo wake una kina, majengo na miti vimepangwa safu nyuma ya safu. Mikono isiguse, mafuta ya vidole huitia mbao weusi.

Sasa ile mvua. Paa za vigae hazina mfereji wa kukinga maji; ukingoni kuna vigae vilivyochongoka kama ncha, na kila kimoja kinadondosha uzi wake wa maji, mpaka mbele yenu kunakuwa na pazia. Simameni chini ya paa mlitazame ziwa dogo la bustani kupitia humo. Njia nyingi zimeezekwa, kwa hiyo mwavuli mwaweza kuufunga. Kwenye vijia vyembamba unagonga watu tu. Ila sakafu ya kokoto zilizopangwa kwa michoro huteleza ikilowa, na soli nyembamba itawaumiza nyayo. Milango mingine ina vizingiti vya juu: Mama, inua mguu, usiuburute. Mkinusa harufu tamu mkaona hakuna ua kubwa popote, ni mti uitwao osmanthasi. Vijiua vyake ni vidogo mno, navyo huchanua majira hayohayo ya vuli.

Kuna nyumba ya chai ya ghorofa mbili. Mama hatapata maziwa wala sukari, nimeshamwambia mapema. Chai ya ulongi (oolong) huja kwenye buli dogo. Majani hulowekwa muda mfupi, maji yanamiminwa yote, kisha unaongeza maji ya moto tena na tena kwa majani yaleyale. Ukiyaacha yakae ndani ya maji, chai inakuwa chungu, halafu watu husema chai ya Kichina haina ladha nzuri.

Ya Kijapani iko kwenye vilima vya magharibi, ndani ya hifadhi ya Washington Park. Kiingilio chake ni kikubwa kuliko cha Lan Su. Tukienda kwa treni tutashuka kituo kilichochimbwa mita 79 hivi chini ya ardhi, tupande lifti, kisha basi. Kutoka lango la chini hadi bustanini njia inapanda kwa kona kona. Goti la Mama lisijaribiwe hapo, tutaomba gari dogo la kupandisha wageni, ili nguvu ibaki ya kutembea ndani, ambako ngazi na changarawe bado zipo.

Aliyeichora ni Profesa Takuma Tono wa Tokyo, na watu walianza kuingia mwaka 1967, mahali palipokuwa na bustani ya wanyama zamani. Majumba mapya ya juu ni ya msanifu Kengo Kuma, ya mwaka 2017. Mazuri, lakini msimalizie muda huko.

Huku miguu ndiyo inayoongoza macho. Mawe ya kukanyagia yamepangwa bila usawa makusudi, ili utazame chini. Ukifika kwenye jiwe pana, hapo ndipo pa kusimama na kuinua uso. Daraja la mbao lenye kona kona kwenye maua ya airisi (iris) husemwa kuwa linawapoteza pepo wabaya, kwa vile wao hupita njia iliyonyooka. Mimi naona faida yake ni kukugeuza mwili upate kuona maji kwa pembe nyingine. Mkikuta jiwe dogo limefungwa kamba nyeusi njiani, maana yake ni kwamba njia imefungwa.

Kwenye bustani ya mchanga na mawe kuna jiwe refu limeinamia mawe saba mafupi: ni kisa cha Buddha aliyejitoa aliwe na chui milia mwenye njaa na watoto wake. Mistari ya changarawe huchorwa kwa reki. Kwanza huokotwa majani yaliyoanguka, la sivyo reki huyakokota na mstari ukavurugika. Kisha mtu huanza mwisho wa mbali akirudi kinyumenyume, asiache nyayo. Mvua kubwa huifuta, kazi ikaanza upya. Msikanyage ukingo, wala kuvumwani, vile vimea vifupi vya kijani vinavyofunika ardhi: vikishachubuliwa na kiatu, huchukua muda mrefu kuziba.

Chini ya taa ya mawe yenye daraja tano, zawadi ya mji wa Sapporo, tafuteni mawe yaliyopangwa kwa umbo la kisiwa cha Hokkaido. Jiwe jekundu ndilo Sapporo.

Mti wa mepo wenye foleni ya wapiga picha mtauona tu, umati utawaonyesha. Picha nzuri hupatikana ukichuchumaa ukipiga kutoka chini ya matawi. Baba atachuchumaa, Mama ashike mkoba.

Leteni viatu vya soli nene yenye meno na makoti yasiyopitisha maji. Sweta nitawanunulia hapa, msijaze mizigo. Nisalimieni Bibi na wadogo zangu wote.

Mwanenu awapendaye,
Zuhura