Mkono wangu haukujua tuko Zambia

Bwana Mhariri,

Msomaji wenu mmoja ameandika kwamba madereva wa malori wanaokutwa upande usio wao wa barabara baada ya kuvuka Kasumbalesa, mpaka wa Kongo na Zambia, ni walevi ama watu wasio na akili, na akataka wanyang'anywe leseni papo hapo. Barua yake nimeisoma mara mbili nikiwa kwenye foleni ya mpakani, na ile foleni inampa mtu muda wa kusoma barua hata mara ishirini. Mimi ni dereva, nakaa Katuba, na njia ya Lubumbashi mpaka Ndola nimeipita miaka 22. Sinywi. Na kosa hilo nimelifanya.

Kwa wasiovuka: kwetu Kongo tunapita kulia, Zambia wanapita kushoto. Pale mpakani penyewe ni nadra mtu kukosea. Umetoka kuhangaika na makaratasi, kichwa kizima kinasema kushoto, kushoto, na mbele yako kuna lori jingine, unafuata mkia wake tu.

Mimi nilikosea siku ya tatu, Chililabombwe, mji wa Zambia. Saa kumi na moja alfajiri natoka kwenye kituo cha mafuta nilikolala, barabara tupu, hata baiskeli hakuna. Jana yake usiku walinipigia simu kutoka nyumbani kuhusu minervali (karo ya shule) ya watoto, kwa hiyo nilikuwa napiga hesabu: huyu nimlipie yote, yule aombewe mwezi mmoja. Nikakunja kulia, lori likakaa upande wa kulia vizuri kabisa, bila kuyumba. Lori langu lilitoka Afrika Kusini, usukani uko kulia, kwa hiyo nikiwa Kongo mtaro huwa chini ya bega langu. Asubuhi ile mtaro ulikuwa palepale pa siku zote, nami nikajisikia niko nyumbani. Gia ya tatu, ya nne.

Konvwayeri wangu (watu wa Dar wangemwita utingo) alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Akainua kichwa. Hakupiga kelele. Alisema, "Mukubwa, tuko Zambia."

Taa mbili zilikuwa zimeshatokea mbele. Nilihama kushoto, basi dogo likatupita likipiga honi ndefu, na nusu saa nzima hatukusemezana. Nimefikiri sana kuhusu neno alilolichagua yule kijana. Angesema "kushoto", ningetazama kushoto kutafuta mbuzi. "Zambia" ndiyo iliyonitoa kwenye minervali.

Nyumbani nikamsimulia binti yangu, anayesoma saikolojia hapa chuo kikuu. Hakunipa pole. Alichukua kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza, akaandika nyuma yake kwa kalamu za rangi: NYEKUNDU kwa wino wa bluu, KIJANI kwa wino mwekundu, mistari mitano hivi. "Papa, usisome. Nitajie rangi ya wino tu." Nikaanza: bluu... ki... hapana, nyekundu... Ulimi wangu ulikuwa unakwenda kwenye herufi kabla sijauruhusu. Akajaribu mwenyewe, naye akakwama, ingawa ndiye aliyeziandika.

Alinieleza kwamba jaribio hilo ni la Mmarekani mmoja, John Ridley Stroop, wa mwaka 1935. Aliwapa wanafunzi 100 wa chuo wataje rangi 100. Kwa vipande vya rangi tupu walitumia wastani wa sekunde 63. Rangi hizohizo zilipokuwa ndani ya maneno yanayozikana, walitumia sekunde 110. Hao walikuwa wamekaa mezani, wameshaambiwa mtego uko wapi.

Kisha akaja mama watoto, ambaye shule aliiacha darasa la pili, kusoma kwake ni kuunganisha herufi moja moja. Akataja rangi zote mbio mbio bila kukosea, akarudi jikoni kusonga bukari. Maneno yale hayakumpigia kelele.

Msomaji wenu aangalie hapo. Dereva mgeni mwenye wiki mbili kwenye njia angetoka kituo kile salama, kwa sababu kila kitu anakifanya kwa kukifikiria, mpaka anatokwa jasho. Mimi mikono yangu imeshasoma. Kuwa upande wa kulia hakungoji amri yangu, na amri yangu asubuhi ile ilikuwa imekwenda kulipa shule. Hata Winston Churchill, mwaka 1931 huko New York, alivuka barabara akatazama upande ambao magari hutokea kwao Uingereza, akagongwa na gari. Naye tumwite hana akili?

Leseni mkitaka kuchukua, chukueni, lakini anayekuja nyuma yangu atakunja kulia vilevile. Mimi naomba rangi: mshale mkubwa mweupe juu ya lami kwenye kila njia ya kutokea vituo vya mafuta na maegesho ya malori, huku na kule, maana madereva wa Zambia nao wakifika kwetu yanawapata hayohayo. Mpakani mabango hayasaidii sana. Huko bado tunaogopa.

Mimi nilikuwa na dawa yangu: nikivuka, saa naihamishia mkono wa kulia, inanisumbua, inanikumbusha. Imenisaidia karibu mwaka mzima. Juzi nilikaa siku mbili Katuba, nakula, naenda kanisani, ndipo mke wangu akaniuliza kwa nini saa bado iko mkono wa Zambia. Sikuwa nimeisikia kabisa. Sasa natafuta kitu kingine, na dereva mwenye chake aandike hapa.

Dereva wa Katuba,
Lubumbashi