Mwanangu, kazi haipotei siku ile unayoitwa ofisini

Bagamoyo

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, baba yako na wadogo zako wanakusalimu sana. Nimefurahi kusikia umepata chumba Makorora, huko Tanga, na kwamba mama mwenye nyumba ni mtu wa watu. Leo nataka tuzungumze juu ya kazi yenyewe, hiyo ya ukarani wa stoo kwenye ghala la vifaa vya ujenzi, kwa sababu bado uko kwenye muda wa majaribio, na huu ndio muda ambao mtu anaweza kuikosa kazi asijue hata imemtokaje.

Wengi hudhani mtu hufukuzwa kwa kosa moja kubwa. Yapo hayo, na Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zimeyataja yale yanayoweza kumwachisha mtu kazi hata kama ni mara yake ya kwanza: udanganyifu mkubwa, kuharibu mali kwa makusudi, kuhatarisha usalama wa wenzako kwa makusudi, uzembe uliokithiri, kumpiga mfanyakazi mwenzako au mteja, na ukaidi uliopita kiasi. Lakini wengi wanaorudi nyumbani na barua mkononi hawakufika huko. Walichelewa, wakanuna, wakaficha kosa dogo, wakamjibu mkuu wao mbele ya wateja, na kila mara ikaingia karatasi moja kwenye faili. Ikija siku ya kupunguza watu, faili lile ndilo linalofunguliwa.

Na wewe hujatimiza miezi 6. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwachisha mtu kazi isivyo haki, ila sehemu hiyo haimgusi mfanyakazi mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo huyo. Kwa hiyo usijilinganishe na yule karani wa miaka minane anayeingia saa atakayo na kumaliza chai yake kwanza. Yeye ana ulinzi ambao wewe huna, na hata yeye siku moja utamwishia.

Nianze na kuchelewa. Dakika 15 kwa siku, kwa siku 26 za kazi, ni saa 6 na nusu kwa mwezi. Mkuu wako hahitaji kukuchukia ili azione. Daftari la mahudhurio linazionyesha lenyewe. Kama ghala linafunguliwa saa 2:00, wewe uwe getini saa 1:45, kwa sababu kabla ya lori la kwanza kuna kufungua makufuli, kuangalia kama usiku paa halikuvuja, na kutoa leja. Masika ikinyesha Tanga daladala hujaa na barabara za Ngamiani husimama maji, hilo kila mtu analijua, ndiyo maana halikubaliki kama sababu kila wiki. Toka mapema. Ukiweza kununua baiskeli, nunua. Mji huo ni wa baiskeli.

Siku utakayokwama kweli, piga simu kabla ya saa ya kazi. Mpigie mkuu wako mwenyewe, usimtume mwenzako aseme, halafu fuatisha ujumbe ili ubaki ushahidi. Ujumbe uwe na mambo manne: nini kimetokea, utafika saa ngapi, kazi gani ilikuwa ikusubiri, na funguo ziko kwa nani. “Bosi leo sitafika, nina dharura” haumsaidii chochote. Anabaki na lori mlangoni na kufuli limefungwa.

Kutokuja kabisa bila ruhusa ni jambo jingine. Mwongozo wa nidhamu ulioambatana na zile Kanuni unahesabu kutoonekana kazini zaidi ya siku 5 za kazi, bila ruhusa wala sababu ya kukubalika, kuwa kosa la kumwachisha mtu kazi. Sisi watu wa pwani hapa hujiponza kwa misiba. Anafariki jirani, mtu anakwenda maziko, anabaki hadi siku ya tatu, na simu kaizima. Sheria inatoa angalau siku 4 zenye malipo mtoto wako akiugua au akifariki, au ukifiwa na mume, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Shangazi, mjomba na jirani hawamo. Tena likizo hizo zenye malipo ni haki ya aliyetimiza miezi 6; wewe kwa sasa unategemea mkataba wako na ridhaa ya mkuu wako. Basi omba kwa maandishi, hata mistari miwili, usubiri ujibiwe. Pasipokuwa na ruhusa, nenda kutoa pole jioni baada ya kazi, na hitima uihudhurie siku ya mapumziko. Hakuna atakayekuona huna utu.

Ukiugua, nenda hospitali siku hiyohiyo na uombe ED, ile karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi. Na hapa nisikilize vizuri: usikubali kamwe ED ya kununua. Mwajiri anaweza kuiandikia hospitali kuuliza kama jina lako limo kwenye rejista ya siku ile. Likikosekana, kosa lako si utoro tena, ni udanganyifu, na hilo umeona nimelitaja juu kabisa. Siku moja ya kutokuja ingeishia kwenye onyo.

Sasa mezani kwako. Karani wa stoo anaharibikiwa kwa saini kuliko kwa kitu kingine chochote. Lori limeleta saruji, hati ya mzigo inasema mifuko 200, dereva ana haraka, anakwambia weka saini mama nitoke, mzigo umepakiwa kiwandani umehesabiwa. Hesabu. Panga mafungu yanayolingana ili jicho lione upungufu bila shida. Ukipata 198, andika kwenye nakala zote za hati, ya kwako na ya dereva: “Nimepokea 198, pungufu 2,” tarehe, saa, saini yako na ya dereva, kabla lori halijatoka getini. Piga picha, mjulishe mkuu wako siku hiyohiyo. Ukishaandika 200, ile miwili ni yako, na hakuna atakayeamini hadithi ya dereva mwenye haraka. Hasara iliyotokana na kosa lako sheria inaruhusu ikatwe kwenye mshahara, baada ya kupewa nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya ujira wako. Lakini fedha ndiyo sehemu ndogo. Kubwa ni kwamba umeanza kutiliwa shaka.

Leja iandikwe mzigo unapoingia na unapotoka, si jioni kwa kukumbuka. Ukikosea tarakimu, usifute wala kupaka rangi nyeupe: pitisha mstari mmoja juu yake isomeke, andika sahihi pembeni, weka saini na tarehe. Mkaguzi akiona palipofutwa hafikirii ulikosea, anafikiria ulificha. Nywila ya kompyuta na funguo usimwachie mtu, hata rafiki, maana kitakachotoka kwa jina lako umekitoa wewe. Na usimsainie mwenzako mahudhurio. Anayesainiwa na anayesaini huandikiwa barua moja.

Saruji nayo inafukuzisha watu kimyakimya. Hewa ya Tanga ina unyevu, na mfuko ulioegemea ukuta au kulala sakafuni unaganda mabonge. Iwe juu ya mbao, sentimita 15 au zaidi kutoka chini, sentimita 30 kutoka ukutani, isizidi mifuko 10 kwenda juu, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Wapakiaji wataweka mpya mbele kwa kuwa ni rahisi, usiwaachie. Mifuko 40 ikiganda nyuma ya ghala, hiyo inaitwa uzembe, na unaandikwa kwa jina lako.

Pamoja na yote hayo utakosea, kila mtu anakosea. Tuseme fundi ameandikiwa saruji ya 42.5, ile yenye nguvu zaidi, kwa ajili ya nguzo, wewe ukatoa ya 32.5, mifuko yote ni kilo 50 na inafanana kwa mbali. Ukigundua baada ya nusu saa ukasema, gari linapigiwa simu, linageuka hata kama limefika Kange, mambo yanaisha kwa kukaripiwa. Ukinyamaza ukiomba Mungu wasione, zege linamwagwa, mhandisi anakuja kuuliza, na hapo kosa la mkono limekuwa kosa la uaminifu. Sema palepale: nini kimetokea, umefanya nini kuzuia hasara, unahitaji msaada gani. Usianze na nani kakuchanganya.

Liko jambo jingine ambalo naliona ni ugonjwa wetu hasa, nalo ni ile “ndiyo” ya adabu. Mkubwa akikuagiza, umelelewa usimkatalie, basi unasema sawa bosi, inshallah, huku unajua hesabu ya nondo za milimita 12 na 16 haitakwisha leo. Nyumbani hiyo ni heshima. Kazini yeye amekwenda kumwahidi mteja kwa neno lako. Heshima ya kazini ni kumwambia mapema, kwa sauti ya upole: “Shikamoo bosi, hesabu hii inahitaji hadi kesho saa 5, kwa sababu malori mawili bado yanashusha. Ukipenda nianze na za milimita 16.” Hapo umemkatalia na umemsaidia kwa pamoja. Kadhalika usijibu “hiyo siyo kazi yangu.” Kama kweli si yako, uliza: “Nikifanya hii, ile ya asubuhi niiache au niimalize kwanza?” Na kama unaona agizo ni la hatari au la wizi, mathalani utoe mzigo bila hati, omba liandikwe. Mwenye nia mbaya hataandika.

Wateja na madereva watakupa “ya soda.” Elfu mbili, elfu tano, kwa tabasamu tu. Usipokee. Leo ni soda, kesho ni kumpitishia lori lake mbele ya foleni, keshokutwa ni mfuko mmoja wa ziada ambao mnajua nyinyi wawili tu. Sema “asante, nakunywa maji,” basi. Na fedha za matumizi madogo zilizo kwenye droo yako usiziazime hata kwa saa moja, hata kama mshahara unaingia kesho. Ukaguzi wa ghafla haungoji kesho.

Hapo nakutahadharisha na madeni pia. Mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, na ile ya kwenye simu inaonekana rahisi, lakini ukichelewa kulipa baadhi yao huwapigia watu walio kwenye orodha ya namba zako, mkuu wako akiwamo. Anayesimamia mali ya watu akijulikana anadaiwa kila kona, huanza kuhesabiwa mara mbili. Ukikwama, niambie mimi kwanza.

Simu: iweke kimya, ipokee wakati wa mapumziko. Usipige picha hati wala majina ya wateja ukaweka status; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo. Na kwenye kundi la wafanyakazi usiandike jambo ambalo usingelisema mkuu akiwa amekaa mbele yako. Yupo atakayelipeleka, yupo siku zote.

Sasa ukiandikiwa barua ya onyo. Kuna wanaogoma kusaini kwa hasira, na kugoma kwenyewe kunaandikwa. Saini ya kupokea si ya kukiri. Andika: “Nimepokea, sikubaliani na maelezo haya, nitajibu kwa maandishi,” tarehe na saini, baki na nakala. Jibu ndani ya muda uliopewa, kwa tarehe na mambo yaliyotokea, bila matusi na bila kumsema mtu asiyehusika. Kama ulikosea kweli, kubali na useme utarekebisha nini. Wakikuita kwenye kikao cha nidhamu, Kanuni zinataka uelezwe tuhuma kwa lugha unayoielewa na upewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na unaruhusiwa kwenda na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Usiende peke yako. Usisaini karatasi ya kuacha kazi waliyokuandikia, hata wakikwambia ni kwa heshima yako, kwa sababu aliyejiuzulu kwa hiari si rahisi kudai aliachishwa. Na mtu akikwambia kwa mdomo “kesho usije,” omba barua. Usipopewa, kesho nenda getini kama kawaida na uandike ujumbe kwamba umefika. Vinginevyo wataandika ulitoroka.

Ukishapita miezi 6 na jambo kama hilo likakufika, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanayoiita CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Wengi huzimaliza siku hizo wakingoja bosi apoe.

Wikiendi hii nipigie picha mkataba wako, kurasa zote, hasa palipoandikwa muda wa majaribio na muda wa notisi. Angalia na karatasi ya mshahara kama makato ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, yamo, kisha ufuatilie NSSF wenyewe kama yanafika. Ukiona mahali huelewi, usisaini kitu kingine hadi tusome pamoja.

Mama yako anayekuombea kila sala.