Wapigaji wa PFM wapewe haki yao

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka 14 bila kukuandikia, lakini ile makala ya Jumapili iliyodai kwamba Premiata Forneria Marconi (PFM) ni bendi ya roki iliyoibuliwa na Waingereza siwezi kuinyamazia.

PFM ilizaliwa hapa Milan mwaka 1970, na wengi wa waasisi wake walikuwa wapigaji wa studio waliokwisha kukomaa. Mwaka 1972 walitoa albamu mbili kwa Kiitaliano. Mwingereza Pete Sinfield alikuja baadaye, akaandika mashairi ya Kiingereza juu ya muziki uliokwisha kuiva. Kati ya vipande 7 vya albamu yao ya Kiingereza, Photos of Ghosts ya mwaka 1973, 5 vilitoka katika Per un amico, albamu ya pili kati ya zile mbili, kimoja katika albamu ya kwanza, na ni kimoja tu kilichokuwa kipya; tena wimbo “Il banchetto” uliachwa katika Kiitaliano chake. Ni nani basi aliyemwibua mwenzake? Mwezi uliopita niliingia katika duka la santuri kuukuu kutafuta Per un amico, na muuzaji, Mmilano mtu mzima, akanichomolea Photos of Ghosts kutoka kreti ya Waingereza na kuniapia kuwa hiyo ndiyo ya asili. Niligeuza jalada nikamwekea kidole kwenye jina la wimbo wa Kiitaliano. Alilitazama, akabandua kibandiko cha bei kilichochakaa, akabandika kipya, kisha akairudisha santuri katika kreti ile ile. Nilitoka dukani nikitetemeka kwa hasira.

Kosa hilo lina ndugu yake: makala zenu humtaja mwimbaji na kuwasahau wapigaji. Mlipoandika juu ya mwimbaji na mtunzi Fabrizio De André, mliwaita PFM “wasindikizaji”, ilhali ni wao waliozifuma upya nyimbo zake kwa ziara iliyoanza mwishoni mwa 1978 na kuzaa albamu mbili za jukwaani.

Naomba Jumapili ijayo mchapishe, kwa herufi za ukubwa ule ule wa kichwa cha makala ile, majina haya pamoja na ala zao: Franz Di Cioccio, ngoma, Franco Mussida, gitaa, Flavio Premoli, kinanda, Giorgio Piazza, besi, Mauro Pagani, fidla na filimbi.

Msomaji wako,
Milan, Italia