Mkrismasi wa Mwezi wa Sita

Hanoi, Vietnam, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Mimi mzima, ila nimelowa. Tangu nishuke uwanja wa ndege Jumatano sijakauka. Nilidhani mtu aliyezaliwa Mtwara, akazeekea kwenye maghala ya korosho Masasi, hana la kuambiwa kuhusu joto. Nimeambiwa. Kwetu pwani joto lina adabu, jua likizama upepo wa bahari unaingia na watu wanatoka barazani. Huku bahari iko mbali, kama kilomita mia moja, na mji umekaa bondeni kando ya Mto Mwekundu. Usiku kuta zinatoa moto kama tanuri la mikate lililozimwa sasa hivi. Mchana ni nyuzi 37 au 38, lakini si namba inayoua, ni unyevu. Jasho halina pa kwenda. Linakaa juu yako likisubiri wenzake.

Usiku wa kwanza kiyoyozi cha chumbani kilikoroma mara tatu kikakata roho. Kijana wa mapokezi aliniletea feni, akaiwasha, tukasimama wawili tukiitazama. Ilikuwa inanipulizia joto lile lile, ila kwa kasi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu nikikupigia najijua. Nitakuuliza habari za masomo dakika mbili, kisha nitasema nipe mama yako tuongee mambo ya ghala. Barua hii nitaipiga picha nimtumie. Mwambie asitangulie kusoma.

Basi nianze na mji. Hapa watu wamelipangia joto ratiba. Saa kumi na moja alfajiri, pembeni ya ziwa la Hoan Kiem lililo katikati ya mji, wazee wameshajaa wakinyoosha viungo, na akina mama wanacheza kwa mistari huku spika ikilia. Saa mbili wote wamepotea. Saa sita mchana mji unalala, na ninaposema unalala sikutanii. Mabodaboda wanajilaza juu ya pikipiki zao vivulini, mgongo kwenye siti, miguu juu ya usukani, na hakuna anayeanguka. Siku ya kwanza ya kikao chetu cha korosho, baada ya chakula, mwenyeji wetu mwenye tai na wadhifa mkubwa alizima taa, akavua viatu, akatandika mkeka chini ya meza yake. Mwenyekiti wetu alinitazama. Dakika kumi baadaye na yeye alikuwa anakoroma kwenye viti vitatu.

Wanawake hapa wanaogopa jua kuliko simba. Wakipanda pikipiki wanavaa koti refu lenye kofia, barakoa, glavu, miwani, na kitambaa cha kufunga kiunoni mpaka kwenye vifundo. Mara ya kwanza nikadhani nimeona akina mama wa Kilwa wamepita na buibui zao. Mkalimani wetu, binti mdogo tu, alisema ni kwa ajili ya ngozi isiwe nyeusi. Kisha akakumbuka anaongea na nani, akaanza kuniomba radhi. Nikamwambia asijali, hilo gonjwa hata kwetu madukani linauzwa kwa vikopo.

Kwenye kila kona ya barabara kuna mtu na stuli za plastiki zilizo fupi kama za watoto wa chekechea. Unakaa magoti yakigusa kidevu, unaletewa chai baridi nyepesi yenye barafu, isiyo na sukari. Dong elfu tano, yaani kama shilingi mia tano zetu. Siku ya kwanza nilisema hii si chai. Leo nimekunywa glasi tisa. Sehemu nyingine wameweka dumu la chai hiyo hiyo nje ya nyumba, na vikombe, bure, kwa yeyote anayepita. Juisi ya miwa nayo ipo, ila wanaisaga pamoja na kindimu kidogo cha rangi ya chungwa. Hilo ni la kuiga.

Na matunda! Ni msimu wa tunda wanaloliita vai. Mfikirie binamu wa shokishoki aliyenyolewa manyoya. Linatoka Bac Giang, kaskazini mashariki, na wanalibeba kwenye pikipiki mafungu mekundu yamening'inia pande zote mpaka dereva haonekani. Wanasema ukila mengi yanatia joto mwilini na kutoa majipu. Nimekula kilo nzima. Kesho nitakupa majibu. Barabara nyingine zimefunikwa na miti mirefu wanayoiita sau, yenye tunda chachu wanalolitia kwenye supu na kinywaji, na niliposikia kwamba ni wa ukoo mmoja na mkorosho na mwembe nikaupapasa gamba kama nimekutana na shemeji ugenini. Korosho zenyewe nimezikuta kwenye duka la mji mkongwe, zimekaangwa na chumvi na ganda lake jembamba. Huenda ni za kwao, huenda ni zetu tulizowauzia ghafi. Hazikuniambia. Jumanne tunashuka kusini, Binh Phuoc, kwenye viwanda vya kubangulia, na hilo ndilo hasa lililotuleta. Lakini silo ninalotaka kukuandikia.

Unakumbuka ule mkrismasi wa ofisi ya kata, unaowaka mwekundu Desemba? Huku umejaa mjini, na unachanua sasa, Mei na Juni. Nilipouona kando ya ziwa nilisimama katikati ya njia nikadhani nimekosea mwezi. Asili ya mti huu ni Bukini, yaani Madagaska, hapo ng'ambo ya maji yetu, na Wafaransa ndio walioupanda huku. Kwetu ni ua la sikukuu. Huku ni ua la wanafunzi, kwa sababu linafunguka wakati shule zinafungwa na mitihani inaanza, nyenje wakilia juu ya matawi kama cherehani elfu. Watoto wanaomaliza shule wanachukua petali zake, wanazipanga umbo la kipepeo, wanalibana katikati ya daftari. Nimekuokotea tano. Zimo kwenye kitabu changu cha mahesabu, ukurasa wa magunia.

Alhamisi walitupeleka Van Mieu, hekalu la wasomi lililojengwa mwaka 1070. Miaka sita baadaye likaongezewa chuo cha mfalme. Uani yapo mawe 82, kila moja limebebwa na kobe wa jiwe, na juu yake yamechongwa majina ya waliofaulu mtihani mkubwa kabisa wa dola, kuanzia ule wa 1442 hadi wa 1779. Vichwa vya kobe vimesuguliwa mpaka vinang'aa, maana wanafunzi walikuwa wanavipapasa wapate bahati. Sasa vimewekewa uzio, na watoto wanasimama nje yake wamefumba macho, mama zao nyuma yao wamefumba zaidi. Nikamuuliza mkalimani majina ya wanawake yako jiwe gani. Akasema hakuna, walikuwa hawaruhusiwi kuufanya. Nikakuona ulivyokunja uso.

Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Nilitoka hotelini saa moja na nusu asubuhi kutafuta supu, nikakuta barabara ya pili imefungwa na watu. Nikafikiri ni ajali, au msiba. Walikuwa wazazi. Mtihani wa kuingia darasa la kumi ulikuwa unaanza, na hapa Hanoi watoto zaidi ya laki moja wanaufanya kwa pamoja, wakati nafasi za shule za serikali zinawatosha kama sita tu katika kila kumi. Asubuhi fasihi, mchana lugha ya kigeni, Jumapili hisabati. Asubuhi hiyo hawalishwi ndizi wasiteleze, wala karanga, kwa sababu jina la karanga ni sawa na neno la kupotea. Wanalishwa wali wa kunata wenye maharage, maana kwa lugha yao maharage na kufaulu ni neno moja. Bibi yako angewaelewa bila mkalimani.

Ngoma ilipigwa ndani, hapa shule zinatumia ngoma badala ya kengele, geti likafungwa. Nikangoja watu watawanyike. Hawakutawanyika. Mwanangu, walikaa pale saa mbili nzima, juani. Kuna waliokaa juu ya pikipiki na mwavuli, waliojibanza kwenye kivuli cha nguzo, baba mmoja mwenye viatu vya ujenzi na saruji kwenye suruali, ameshika chupa ya maji ya mtoto kama ameshika yai. Vijana wa kujitolea wenye fulana za bluu walikuwa wakigawa maji. Hakuna aliyepiga kelele. Walikuwa wanatazama geti tu, geti la chuma lililofungwa, kama vile wakilitazama vizuri mtoto ndani atakumbuka jibu.

Sikwenda kula supu. Sijui kwa nini nilibaki. Mama mmoja aliniona navyotiririka, akanipa pepeo la karatasi lenye tangazo la masomo ya ziada, akanisogezea nusu ya kivuli chake. Akaonyesha geti, akaninyooshea kidole: wako yumo humu? Nikacheka, nikatikisa kichwa. Nikamwonyesha picha yako kwenye simu, ile ya sare mpya. Akaitazama sana, akaipangusa kioo kwa kidole. Kisha akachukua simu yake, akaongea, ikatafsiri kwa Kiingereza: mtoto wako anafanya mtihani lini?

Nikasema Novemba.

Akaongea tena. Tarehe ngapi?

Mimi nina kumbukumbu ya bei ya korosho ya kila mnada kwa miaka tisa. Najua gunia lipi liliingia ghalani na unyevu siku gani. Nilisimama mbele ya yule mama nikiwa na pepeo lake mkononi, sikujua tarehe. Nilinyanyua vidole viwili, sijui hata nilimaanisha nini. Akaitikia kwa kichwa kwa heshima, akaandika kitu kwenye simu yake. Nadhani alidhani nimemjibu.

Siku ile ya darasa la saba ulirudi nyumbani peke yako. Nilikuwa uani, nahesabu magunia matupu ya msimu unaokuja, wewe ukaingia na rula mkononi na soksi zimeshuka. Ukasema, "Baba, mtihani ulikuwa rahisi." Nikasema, "Vizuri mama, subiri kidogo," kwa sababu nilikuwa nimefika mia mbili na kumi na nne na sikutaka kupoteza hesabu. Ukasubiri. Kisha hukusubiri tena. Nimeikumbuka ile namba miaka yote hii nikiamini naikumbuka kwa sababu ya magunia.

Usidhani joto limenipanda kichwani. Labda limenipanda. Lakini leo asubuhi niliamka saa kumi na moja na nusu, nikanunua chupa mbili za maji, nikaenda kusimama pale pale kwa ajili ya hisabati ya watoto wa watu. Yule mama alikuwepo, akacheka aliponiona. Safari hii nilileta mwavuli wa hoteli, kwa hiyo kivuli kilikuwa changu nikamgawia yeye. Ngoma ikalia, geti likafunguliwa, wakatoka, wengine mbio, wengine wakiangalia chini. Mwanawe ni mvulana mrefu mwenye miwani. Alikuwa analia. Mama hakumuuliza hata swali moja, alimvua begi akalivaa yeye mwenyewe, akampa vai lililomenywa, wakaondoka kwa pikipiki, yeye akiendesha na mtoto akiwa ameegemea mgongo wake.

Jioni mvua imepiga, ya radi na mawe ya maji, barabara ikawa mto kwa nusu saa, watu wakasukuma pikipiki wakicheka. Sasa kumepoa kidogo, ndiyo maana kalamu haitelezi.

Novemba ni katikati ya mnada, unajua. Nimeshamwambia mwenyekiti leo wakati wa chakula kwamba wiki ya mitihani yako karani msaidizi atakaa ghalani. Amenuna. Atanunuliwa chai ya barafu kesho, ataridhika.

Nijibu kwa simu ya mama yako. Niandikie Hisabati ni tarehe ngapi, mnaingia saa ngapi, na kama mnatokea geti la barabarani au lile la nyuma kwenye miembe.

Baba yako