Mwenye fedha za kununua kura ashtakiwe, si mbeba bahasha peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie hoja ya iwapo matajiri wanaojaribu kushawishi uchaguzi kwa fedha zao washtakiwe. Nasema washtakiwe, mradi kinachoshtakiwa kiwe ni tendo la kununua kura na wala si utajiri wenyewe, na mradi sheria imfikie mwenye fedha badala ya kuishia kwa vijana anaowatuma.

Wakati wa kura za maoni za kuteua wagombea ndani ya vyama, wajumbe hukusanywa jioni uani kwa mtu, kijana mwenye daftari akaita jina moja moja, na kila mjumbe akatia saini na kukabidhiwa bahasha yenye noti za elfu kumi zinazoitwa nauli, hata kama nyumba yake inaonekana kutoka pale alipoketi. Mtia nia hayupo. Mfadhili wake ndiye haonekani kabisa, kwa kuwa huenda yuko Dar es Salaam na hajawahi kukanyaga Bahi wala Chamwino. Anachosubiri yeye ni zabuni au kibali baada ya uchaguzi. Taarifa zikifika TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, aliye rahisi kukamatwa ni yule kijana wa daftari. Tumezoea kusoma hukumu za rushwa ndogo zinazotoa faini ya shilingi 500,000 au kifungo cha miaka mitatu. Kwa kijana huyo ni msiba wa ukoo mzima, ilhali kwa mfadhili fedha hizo hazitoshi hata mafuta ya msafara wake.

Nchi yetu haikuanza jana kulishughulikia jambo hili. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili kuruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na ikachukua hadi mwaka 2006 kwa Mahakama Kuu kuvifuta vifungu hivyo, baada ya watetezi wa haki za binadamu kufungua kesi wakidai kwamba vinambagua mgombea asiye na fedha. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayoweka ukomo wa matumizi na kuvitaka vyama vitoe hesabu kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Kwa hiyo sheria tunazo. Kinachokosekana ni ujasiri wa kufuata fedha mpaka zilikotoka.

Wenzetu wa Marekani nao wamekwama hapo hapo. Oktoba 2024 Elon Musk alianza kutoa dola milioni 1 kila siku kwa wapiga kura waliojiandikisha katika majimbo yenye ushindani, wakitia saini waraka wa kamati yake, ingawa sheria ya huko inakataza kumlipa mtu ili ajiandikishe au apige kura. Mwendesha mashtaka wa Philadelphia alifungua kesi ya madai, si ya jinai, na siku moja kabla ya uchaguzi jaji akaruhusu mpango uendelee. Kama mtu maskini angegawa dola ishirini ishirini mlangoni mwa kituo cha kura, sidhani kama angevumiliwa namna hiyo.

Wapo wanaohofu kwamba mashtaka ya aina hii yatageuzwa kuwa rungu la kuwapigia wafadhili wa vyama vya upinzani. Hofu hiyo ina msingi, nami ninayo. Mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa anayechangia chama chake waziwazi, mchango ukaandikwa katika hesabu, anatumia haki anayopewa na ibara ya 21 ya Katiba ya kushiriki shughuli za umma, na asiguswe. Kosa linaanza pale fedha zinapomfikia mpiga kura au mjumbe mkononi, au zinapofichwa zisijulikane ni za nani.

Wabunge wanaokutana hapa Dodoma wanaweza kuirekebisha sheria ya 2010 ili faini iwe mara kadhaa ya kiasi kilichogawiwa, mfadhili aliyethibitika azuiwe kupata zabuni za Serikali kwa kipindi kizima cha Bunge, na hesabu zinazopelekwa kwa Msajili zibandikwe katika ofisi za kata, ambako mjumbe aliyepewa bahasha na jirani yake aliyenyimwa wataweza kuzisoma.

Mkazi wa Chamwino,
Dodoma